Historia ya Kufuga Matumbawe Ndani ya Nyumba, na Somo Lake kwa Sisi wa Pwani

Tumezoea kuzungumzia mahindi, kuku na mihogo. Leo nitatoka kidogo shambani, tushuke baharini na kurudi nyuma katika historia. Makala hii imetokana na swali la mzee mmoja mchuuzi, swali ambalo siku ile nilishindwa kulijibu.

Mzee huyu hununua samaki, pweza na makome kwa wavuvi na kuwapeleka mjini. Asubuhi moja alifika ofisini na vijana wake wawili, kila mmoja na ndoo ya plastiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone mali."

Ndani ya ndoo mlikuwa na matumbawe hai. Mengi yalikuwa ya kahawia, mengine ya kijani, na moja lilikuwa la zambarau nzuri sana. Vijana walikuwa wameyavunja kwa nondo wakati wa bamvua, maji yalipokupwa na mwamba kuwa wazi. Kuna mtu mjini alimwambia mzee kuwa Wazungu huyafuga sebuleni ndani ya matangi ya kioo na hulipa fedha nyingi.

Nilimweleza kuwa sheria zetu za uvuvi zinakataza kuharibu matumbawe. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema: "Sheria nimeisikia mwanangu. Lakini haya yameshavunjwa. Hebu niambie, hao wenzetu wanayafanyaje mpaka yanaishi ndani ya nyumba?"

Nilinyamaza. Stashahada yangu haikunifundisha jambo hilo. Nilichofanya ni kuyamimina kwenye karai kubwa lenye maji ya bahari, nikaliweka kivulini nyuma ya ofisi. Kesho yake karai lilikuwa limejaa ute na harufu ya yai viza. Rangi zote zilikuwa zimepotea. Mzee alipata hasara ya nauli na ya siku nzima ya kazi. Mwamba nao ulipata hasara kubwa zaidi, kwa sababu tumbawe la aina ya jiwe la mviringo hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Lile lenye ukubwa wa kichwa cha mtu limechukua miaka 10 au zaidi kufika hapo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma ili nimjibu mzee. Nimegundua kuwa wenzetu nao waliyaua kwa miaka mingi kabla ya kujua namna ya kuyatunza, na kila tumbawe lililokufa liliwafundisha jambo moja.

Je, ni ua, ni jiwe au ni mnyama?

Mwaka 1706 bwana mmoja wa Italia, Luigi Marsigli, alichukua matawi ya tumbawe jekundu la bahari ya Mediterania akayaweka kwenye chombo cha kioo chenye maji ya bahari. Kesho yake aliona vitu vidogo vyeupe vimechanua kwenye matawi. Alipoyatoa majini vikajifunga, alipoyarudisha vikachanua tena. Alifurahi sana akaandika kuwa ameona maua ya tumbawe. Watu wakaamini kuwa tumbawe ni mmea.

Karibu miaka 20 baadaye, daktari wa Kifaransa aitwaye Jean-André Peyssonnel alifanya kazi kama hiyo huko Marseille na kwenye pwani ya Afrika ya Kaskazini. Aliangalia kwa makini zaidi akasema hayo si maua, ni wanyama wadogo, na ile mikono yao hujikunja ukiigusa. Wakubwa wa sayansi mjini Paris hawakumkubali. Ilichukua miaka mingi mpaka wengine walipothibitisha kuwa alikuwa sahihi.

Kwa hiyo tuelewane tangu mwanzo. Tumbawe ni mnyama. Kwa kweli ni kijiji cha wanyama wadogo wanaoitwa polipu. Kila mmoja ana mdomo mmoja uliozungukwa na mikono laini, na hujijengea chini yake kiti cha chokaa. Lile jiwe tunaloliona ni nyumba yao. Ngozi hai iliyo juu ni nyembamba sana. Ukiishika kwa mkono mkavu au ukaikanyaga, umewajeruhi.

Wazee wetu waliyajua kama jiwe

Huku kwetu matumbawe yalijulikana zamani sana kwa kazi ya ujenzi. Nenda Kilwa Kisiwani uone msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Kwa sehemu za urembo, kama vile mihirabu, mafundi walikata aina maalumu ya tumbawe likiwa bado bichi kutoka baharini. Likiwa bichi huchongeka vizuri, likikauka huwa gumu. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri la kuni.

Sisemi haya kuwalaumu wazee. Walijenga miji ambayo dunia inakuja kuitazama mpaka leo. Lakini zamani watu walikuwa wachache na miamba ilikuwa na nafasi ya kujirudisha. Leo ukichoma chokaa ya matumbawe hai kwa ajili ya nyumba za mji unaokua, unaunguza nyumba ya samaki wako mwenyewe. Shikeni neno hili la chokaa, tutakutana nalo tena mbele.

Mama wa London na kijakazi wake

Mtu wa kwanza anayejulikana kwa kuwaweka wanyama wa aina hii hai nyumbani, mbali na bahari, kwa muda mrefu alikuwa mwanamke. Jina lake ni Anna Thynne, mke wa kasisi wa London. Mwaka 1846 alikuwa Torquay, mji wa pwani ya Uingereza, akaona matumbawe madogo ya bahari ya baridi. Akayapenda, akayachukua hadi London, safari isiyopungua kilomita 250. Aliyashona kwa sindano na uzi kwenye sponji ili yasigongane na maji yapite vizuri pande zote.

Alijua kuwa maji yaliyosimama yatawaua. Lakini wakati huo hakukuwa na umeme wala pampu nyumbani. Suluhisho lake lilikuwa kijakazi wa nyumba. Kila siku msichana huyo alisimama karibu na dirisha lililo wazi, akawa anamimina maji ya bahari kutoka chombo kimoja kwenda kingine, kwenda na kurudi, kwa nusu saa hadi robo tatu ya saa. Baadaye Bi Thynne akaongeza mimea ya baharini ndani ya chombo, ikasaidia kuyapa maji hewa safi. Matumbawe yake yaliishi kwa miaka kadhaa na hata kuzaa.

Jina la yule msichana halikuandikwa popote nilipoona. Lakini mimi namhesabu kuwa ndiye pampu ya kwanza ya tangi la matumbawe. Somo alilotuachia ni la kwanza katika ufugaji huu: maji lazima yatembee. Tumbawe limebandikwa mahali pamoja, haliwezi kutafuta chakula wala kukimbia uchafu wake. Maji ndiyo humletea hewa na chakula, na maji ndiyo humwondolea taka. Karai langu nyuma ya ofisi lilikuwa na maji yaliyolala. Hapo nilishakosea.

Shamba lililo ndani ya mnyama

Matumbawe ya Bi Thynne yalikuwa ya bahari ya baridi. Waliojaribu kufuga yale ya bahari ya joto kama yetu, yaani yale yanayojenga miamba, walishindwa kwa miaka mingi zaidi. Sababu ilikuwa imejificha ndani ya ngozi ya tumbawe.

Mwaka 1881 Mjerumani Karl Brandt aliwapa jina la zuzantela viumbe vidogo vya rangi ya manjano na kahawia waliokuwa wanaonekana kwa darubini ndani ya miili ya wanyama wa baharini. Ni mwani mdogo sana. Kila sentimita ya ngozi ya tumbawe huwa na mamilioni yake. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, kama majani ya mhindi yanavyofanya, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenyeji wake. Tumbawe nalo huupa mwani makazi na mbolea itokanayo na taka za mwili wake. Fikiria ng'ombe mwenye shamba la majani ndani ya ngozi yake mwenyewe. Mchana anakula kutoka shambani mwake. Usiku ananyoosha mikono na kukamata wadudu wadogo wa majini.

Mwaka 1928 hadi 1929 kundi la wanasayansi likiongozwa na Maurice Yonge lilikaa kwenye kisiwa kidogo cha Low Isles, Australia, likichunguza Mwamba Mkuu wa nchi hiyo. Waliweka matumbawe gizani, na mengine kwenye maji ya moto kupita kawaida. Waliona kuwa tumbawe likiteseka huufukuza mwani wake. Shamba likitoka, ngozi hubaki kama kioo, na jiwe jeupe la chini huonekana. Hicho ndicho tunachokiita leo kupauka kwa matumbawe.

Hapa kuna masomo mawili. Somo la pili: tumbawe la bahari ya joto linahitaji mwanga. Somo la tatu: joto likipanda nyuzi chache tu, shamba linahama. Mimi kwa huruma niliweka karai kivulini, nikadhani nalisaidia. Kumbe nilikuwa nimelinyima chakula, na maji machache ndani ya karai yalipata moto haraka kuliko bahari.

Kutoka Jakarta hadi Berlin

Baada ya hapo tuje Indonesia. Mwaka 1961 bwana mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliandika katika jarida la wafugaji wa samaki namna alivyokuwa akiweka samaki wa baharini na matumbawe kwenye matangi. Njia yake ilikuwa rahisi sana. Alitumia maji ya bahari, mwanga wa jua, viputo vya hewa na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe vyake. Hakuwa na mashine za kuchuja.

Mawe hayo ndiyo yalikuwa siri. Ndani ya vitundu vyake wanaishi bakteria wanaobadilisha taka za samaki. Wewe mkulima unajua naitrojeni, ndiyo iliyomo kwenye UREA. Taka za samaki zina naitrojeni ileile, nayo ikizidi majini huwa sumu. Bakteria wa juu ya jiwe huigeuza iwe naitreti isiyo kali sana, na wale wa ndani kabisa huigeuza naitreti kuwa hewa ikapaa zake. Jiwe hai ni kama udongo mzuri wenye rutuba ya asili: kazi kubwa inafanywa na wasioonekana.

Wafugaji wa Ulaya hawakuwa na jua la Jakarta wala bahari mlangoni. Katika miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wa Ujerumani, hasa wa Berlin, waliunganisha mambo matatu. Walichukua mawe hai. Wakaongeza taa kali zinazokaribia mwanga wa jua. Wakaongeza kifaa cha kutengeneza povu. Kifaa hiki hupuliza viputo vidogo vingi ndani ya maji, na uchafu wa mafuta na protini hunata kwenye viputo na kupanda juu kama povu. Mama anayepika nyama anaelewa bila kuelezwa zaidi. Anaengua povu, mchuzi unabaki safi.

Kisha ikaja chokaa. Peter Wilkens, mwandishi na mfugaji mashuhuri wa wakati huo, aliwafundisha wenzake kuyapa matumbawe maji ya chokaa. Chokaa iliyozimwa huchanganywa na maji baridi yasiyo na chumvi, huachwa itulie, na yale maji maangavu ya juu hudondoshwa tone kwa tone ndani ya tangi kufidia maji yaliyokauka. Tumbawe hupata kalisi ya kujengea nyumba yake. Mzee wangu, huku kwetu tulichoma matumbawe kupata chokaa. Kule walinunua chokaa ili kupata matumbawe.

Mjini Berlin huohuo aliishi Dietrich Stüber. Katika miaka ya 1980 alifanikiwa kukuza tumbawe la matawi, aina ambayo wengi walidhani haiwezi kuishi ndani ya nyumba. Lilipokuwa kubwa alilikata vipande akawagawia wenzake. Nao vipande vikakua, wakakata, wakagawa. Watoto na wajukuu wa tumbawe lile moja walisambaa kwenye matangi ya Ulaya.

Msomaji wangu, hili si geni kwetu. Ndivyo tunavyofanya kwa muhogo. Huhitaji kung'oa shamba la jirani ili upate mbegu. Unakata pingili moja, unapanda, mwakani unawapa wengine pingili kumi. Tumbawe la matawi linaweza kukua sentimita 10 au zaidi kwa mwaka likipata matunzo. Hilo ni somo la nne: tumbawe hupandwa kwa vipande.

Rangi inasema nini

Mzee aliniuliza pia kwa nini vipande vyake vingi vilikuwa vya kahawia ilhali picha alizoonyeshwa kwenye simu zilikuwa za bluu, pinki na zambarau. Wafugaji walihangaika na swali hilo kwa miaka mingi, na jibu lake ni zuri kwa mkulima.

Rangi ya kahawia ni ya mwani ulio ndani. Rangi za zambarau, pinki na kijani kinachong'aa ni za tumbawe lenyewe, na nyingi hulisaidia kama mwavuli dhidi ya jua kali. Mbolea ikizidi majini, yaani naitreti na fosfeti, au mwanga ukipungua, mwani huongezeka na tumbawe zima huwa kahawia. Mbolea ikiisha kabisa, mwani hupungua na tumbawe huwa la rangi hafifu kama mtoto mwenye utapiamlo. Maji yakipata moto, mwani hutoka na tumbawe huwa jeupe. Kwa hiyo rangi ya tumbawe ni kama rangi ya jani la mhindi. Afisa ugani akiona jani limekuwa la manjano anajua kuna njaa. Mfugaji wa matumbawe naye husoma rangi.

Muhimu ni kuwa jeupe si lazima liwe limekufa. Tumbawe lililopauka bado lina ngozi hai na linaweza kupona kama joto litashuka mapema. Ukiona limefunikwa na mwani mchafu wa nje kama manyoya, hapo limekwisha.

Wazee wa pwani wanaikumbuka rangi nyeupe. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, joto la bahari lilipanda na matumbawe yakapauka katika eneo kubwa la Bahari ya Hindi, kwetu Tanzania na Kenya pia. Mengi yalikufa. Mzee wangu anasema alichungulia kutoka kwenye ngalawa akaona mwamba kama mtu amemwaga unga. Hapakuwa na mtu aliyeuvunja mwamba ule. Ni joto tu.

Ufundi wa sebuleni unarudi baharini

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike makala.

Biashara ya matangi ilipokua, miamba mingi ya Asia na Pasifiki ilivunjwa kwa ajili yake, na mnunuzi mkubwa alikuwa Marekani. Mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea pori, umeyaweka matumbawe magumu chini ya udhibiti. Kuyavusha mpaka kunahitaji kibali cha serikali. Yule mtu wa mjini hakumwambia mzee wangu jambo hilo. Hata kama ndoo zile zingefika hai uwanja wa ndege, zingemfikisha mzee polisi.

Baadhi ya vijiji vilichukua njia ya pingili. Katika Visiwa vya Solomon familia za pwani zilianza kupanda vipande vidogo kwenye maji mafupi na kuuza vilivyokua. Kwenye kisiwa cha Serangan, Bali, wavuvi ambao zamani walikuwa wakichimba matumbawe waligeuka kuwa wakulima wa matumbawe. Hata hivyo soko hili halina uhakika. Mwaka 2018 serikali ya Indonesia ilisimamisha kuyapeleka nje, na waliotegemea biashara hiyo peke yake wakabaki na mali bila mnunuzi mpaka iliporuhusiwa tena. Mfanyabiashara usisahau hilo.

Huko Florida, Marekani, Ken Nedimyer alikuwa na kipande cha sakafu ya bahari alichokodi kwa ajili ya kuzalisha mawe hai ya kuuzia wenye matangi. Akaona matumbawe ya matawi, aina iliyokuwa imekaribia kuisha katika eneo lile, yamejiotea yenyewe juu ya mawe yake. Binti yake alikuwa mwanachama wa 4-H, ile programu ya vijana ya ugani wa kilimo ambayo hata hapa Tanzania ipo mashuleni. Mradi wake wa 4-H ukawa kukata vipande vya matumbawe hayo na kuvikuza. Kutokana na mradi wa mtoto, mwaka 2007 kikazaliwa chama cha kurudisha matumbawe, na vitalu vyake baharini vikatoa maelfu ya miche iliyopandwa kwenye miamba.

Nilisoma habari hiyo nikiwa peke yangu ofisini, nikafurahi kama aliyeitwa jina. Ugani wa kilimo umefika mpaka kwenye matumbawe.

Lakini nisiwadanganye kuwa kupanda kunatosha. Julai 2023 bahari ya Florida ilipata joto kali, miamba mingi ikapita nyuzi joto 32. Matumbawe mengi yaliyopandwa kwa miaka yalikufa ndani ya wiki chache. Waliokuwa na vitalu walikimbia kutoa vipande baharini na kuvihamishia kwenye matangi ya nchi kavu, yenye pampu, taa, maji yaliyopozwa na yote yaliyojifunzwa tangu Bi Thynne. Mbegu ikaokolewa ndani ya tangi, kama mkulima anavyoweka mbegu ghalani mvua zikikata.

London nako, kwenye jumba la makumbusho la Horniman, Jamie Craggs na wenzake waliigiza misimu, mbalamwezi na joto la bahari ndani ya tangi mpaka matumbawe yakataga mayai kwa siku iliyotarajiwa. Ni mji uleule ambamo kijakazi alikuwa akimimina maji dirishani.

Tunajifunza nini sisi wa kijijini?

1. Usivunje matumbawe hai, wala usinunue yaliyovunjwa. Ukiona mnunuzi anakuja na ahadi nono, muulize vibali. Asiye na kibali anakutafutia kesi, na yeye hatakuwepo siku ya kesi.

2. Nanga ni nondo. Usitupe nanga juu ya mwamba. Tupa kwenye mchanga, au vikundi vya wavuvi waombe maboya ya kufungia vyombo. Wakati wa kuokota pweza, kanyaga mchanga na mawe mafu. Baruti siizungumzii hata kidogo, kila mtu anajua inachofanya.

3. Chokaa. Kama unajenga, tafuta chokaa ya mawe ya nchi kavu au tumia saruji. Usichome matumbawe ya baharini.

4. Wewe mkulima wa bondeni unahusika. Mbolea na udongo vinavyosombwa na mvua kutoka shambani mwako huishia baharini. Pale mwani mchafu hunenepa na kulifunika tumbawe, na tope huziba mwanga. Lima kwa kukinga mteremko, weka makinga maji, panda majani kingoni mwa mto, na weka mbolea kwa kipimo. Mbolea inayokwenda baharini ni fedha yako inayotembea.

5. Wenye hoteli na nyumba za wageni wanaotaka tangi la matumbawe wajue kuwa si pambo la kununua na kusahau. Joto libaki kati ya nyuzi 25 na 27. Chumvi iwe kama gramu 35 kwa lita. Kalisi iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Maji yatembee usiku na mchana, maana umeme ukikatika saa nyingi unaweza kupoteza kila kitu. Maji yanayokauka yafidiwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haikauki. Usilishe samaki kupita kiasi. Badilisha jambo moja tu kwa wakati, polepole. Na vipande vitoke kwa mfugaji mwenye vibali, si kwenye mwamba.

6. Mwamba hai una faida bila kuuhamisha. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kililindwa kisheria mwaka 1994 na wageni hulipa kwenda kuutazama mwamba wake. Mafia ilipata hifadhi ya kwanza ya bahari nchini mwaka 1995. Kikundi cha ulinzi wa fukwe, maarufu BMU, kinaweza kukubaliana kupumzisha sehemu ya mwamba ili samaki na pweza wazaliane. Ongea na afisa uvuvi wa wilaya yako kabla ya kuanza, na usipande matumbawe bila ruhusa na mafunzo.

Jibu la mzee

Wiki iliyopita nilimfuata mzee kwenye banda lake la kununulia samaki. Nikamsimulia yote haya, kuanzia maua ya Marsigli. Alicheka sana kuhusu yule msichana wa kumimina maji. Kisha akaniuliza: "Kwa hiyo hao wenzetu imewachukua miaka mia na zaidi, na taa, na umeme, na chokaa, ili sebule iwe kama bahari?"

Nikamwambia ndiyo.

Akatazama baharini kidogo, maji yalikuwa yanajaa. "Na sisi tunayo bure, tunaivunja na nondo."

Vijana wake wawili walikuwa pembeni wanapara samaki, wakanyamaza. Mzee ameniomba niende kuzungumza na kikundi chao bamvua lijalo, kabla maji hayajakupwa. Nitakwenda, na mambo tutakayokubaliana nitawaandikia hapa.

Kama una jirani mvuvi au mchuuzi ambaye hasomi mtandaoni, msomee makala hii.